Redio ya gari bila spika haiungui, lakini chunga zile nyaya nane

Swali limetoka kwa kijana wa Tanga:

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Noah. Redio iliyokuja nayo kutoka Japani inaishia 90 kwenye FM na maandishi yake yote ni ya Kijapani, kwa hiyo nimenunua nyingine ya mtumba, imeandikwa wati 50 mara 4. Spika za milangoni zilikuwa zimechanika, nimeshazitoa. Nataka nifunge amplifaya ya chaneli nne nyuma, niiunganishe na redio kwa nyaya za RCA, zile za pini nyekundu na nyeupe, spika mpya zipigwe na amplifaya. Nyaya za spika za redio yenyewe nataka niziache tu. Kabla ya kuifunga nilitaka niijaribu nyumbani mezani, na sina spika hata moja. Fundi wa jirani kaniambia nisithubutu, redio ikiwaka bila spika inaunguza IC. Ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikujibu kwanza ulichouliza, halafu nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kwenye mpango wako.

Redio yako haitaungua kwa kukosa spika. Iwashe mezani, iache icheze saa nzima, pandisha sauti mpaka mwisho, IC yake, ile chipu inayosukuma sauti kwenye spika, haitapata tabu yoyote. Na ukishaifunga kwenye Noah unaweza kuitumia miaka na miaka kwa RCA peke yake bila kuunganisha spika yoyote kwenye nyaya zake. Wanaofunga muziki mkubwa kwenye magari hufanya hivyo kila siku. Ila hizo nyaya nane za spika ulizosema unataka uziache tu, usiziache tu. Redio nyingi ninazoletewa zimekufa sauti baada ya kufungiwa amplifaya hazikuuawa na ukosefu wa spika. Ziliuawa na nyaya zilizokosa spika, zikagusana zenyewe kwa zenyewe au zikagusa bodi ya gari.

Nianze na sababu, maana ukiielewa hutahitaji kukariri lolote.

IC ya sauti iliyomo ndani ya redio kazi yake ni kusukuma umeme upite kwenye spika. Spika ya kawaida ya gari ina omu 4, na omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. IC ikitoa volti 8, spika ya omu 4 inapitisha ampea 2, na ampea hizo hizo 2 zinapita pia ndani ya IC. Hapo ndipo inapopata moto. Ukifunga spika mbili kwa pamoja kwenye jozi moja ya nyaya, positivu na positivu, negativu na negativu, omu zinashuka kuwa 2, ampea zinapanda kuwa 4, na moto unaongezeka. Ukizidi kushusha omu unafika kwenye sifuri, na sifuri ndiyo shoti. Sasa geuza upande wa pili: toa spika kabisa. Omu hazishuki, zinapanda mpaka hazina mwisho. Volti 8 zipo pale kwenye ncha za waya, lakini umeme hauna pa kupita, kwa hiyo ampea ni sifuri. IC ni kama hamali aliyefika gatini asikute mzigo. Amesimama tu, mgongo wake salama.

Na si maneno yangu peke yangu. Chukua TDA7388 ya STMicroelectronics, moja ya IC ambazo utazikuta kwenye redio nyingi sana za magari. Kwenye karatasi ya vipimo vyake kuna mstari unaoonyesha inakula umeme kiasi gani ikiwa imewaka na haipigi kitu, na sharti la kipimo hicho ni mzigo usio na kikomo, ile alama ya nane iliyolala. Maana yake kiwanda chenyewe kinaiwasha bila spika ili kuipima. Inakula miliampea 190 hivi. Kwa betri ya volti 13 hizo ni kama wati mbili na nusu, na ndiyo sababu utahisi bati la nyuma ya redio lina uvuguvugu hata kama hakuna spika. Uvuguvugu huo usikutishe.

Basi onyo la fundi wa jirani limetoka wapi? Usimdharau, hakulitunga. Amplifaya za zamani za valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, zilikuwa zinapitisha sauti kwenye transfoma kabla haijafika kwenye spika. Transfoma ni koili, na koili iliyojaa umeme ukiinyima njia ya kuutoa, inautema kwa volti kubwa ghafla, kubwa kiasi cha kuruka cheche kati ya nyuzi zake na kuitoboa. Amplifaya hizo kweli hazikutakiwa kuwashwa bila spika, na za gitaa zenye valvu mpaka leo ni hivyo hivyo. Halafu zikaja redio za transista. Philco na Chrysler walitangaza redio ya gari ya transista tupu mwaka 1955, lakini hata katika miaka ya 1960 redio nyingi za magari zilikuwa bado zina transista moja kubwa ya kutolea sauti na koili yake pembeni. Vitabu vya mafundi vya General Motors vya wakati ule vinaagiza waziwazi uunganishe nyaya za spika kwanza ndipo upeleke umeme kwenye redio, usije ukaharibu ile transista. Fundi aliyejifunza kwa redio hizo alimwonya mwanafunzi wake, na mwanafunzi akamwonya wake. Ndani ya redio ile koili ilishatolewa zamani, lakini onyo lake bado linatembea.

Sasa tuingie ndani kidogo ya redio yako, kwa sababu bila hapa hutaelewa kwa nini ninazihofia nyaya.

Hizo "wati 50 mara 4" zinapatikana hivi: chukua volti 14.4 za gari linalounguruma, zizidishe kwa zenyewe upate 207, gawanya kwa omu 4, unapata 51 na ushee. Hizo ni wati za sauti iliyopasuka kabisa, mawimbi yamekatwa kichwa na miguu. Sauti safi utaipata kwenye wati 20 hivi kwa kila chaneli, kwa hiyo wazo lako la kutumia amplifaya ni zuri. Lakini hata hizo 20 zisingepatikana kwa betri ya gari kama IC ingesukuma upande mmoja tu wa spika huku upande wa pili ukiwa kwenye bodi. Kwa hiyo waundaji wakaweka msukumo pande zote mbili. Waya wa positivu ukipanda, wa negativu unashuka, halafu wanageuziana. Redio ikiwa kimya, nyaya zote mbili zinakaa katikati ya volti za betri, kama volti 6 kila mmoja. Kwa kuwa zote ziko kwenye 6, tofauti kati yake ni sifuri na spika haisikii kitu.

Umeona hapo? Ule waya wenye mstari mweusi unaoitwa negativu ya spika si negativu ya gari. Una volti 6 na IC inasukuma nyuma yake. Ukigusa bodi, umeipigisha IC shoti. Ukigusa mwenzake, wakati sauti inacheza, hiyo pia ni shoti. Ukigusa waya wa chaneli nyingine, shoti vile vile. IC nzuri ina kinga: ikihisi shoti inajifunga, na ikipata moto inapunguza nguvu. Lakini kinga ni ya ajali ya mara moja. Redio inayopigwa shoti kila gari likiruka tuta, asubuhi na jioni, miezi sita, itafika siku kinga ichoke. Na zile redio za bei ya chini sana wakati mwingine IC yenyewe ni ya kuiga, sijui niitegemee kinga yake kwa lipi.

Niliwahi kuletewa redio iliyofungwa kwa mpango kama wako, RCA kwenda kwenye amplifaya. Mwenyewe alilalamika kuwa inazima sauti ghafla jua likiwa kali, usiku inapona. Nilipoivuta kutoka kwenye dashibodi nikakuta aliyeifunga alizikusanya nyaya zote nane za spika, akazisokota pamoja kama mkia wa kitana, akazungusha tepu nyeusi mara tatu. Kwake yeye alikuwa amezifunga vizuri, hazigusi bodi. Shaba ya ndani ilikuwa imekatwa kwa koleo, ncha zote nane ziko sawa, zimebanana kifua kwa kifua. Dashibodi ilipopata joto gundi ya tepu iliyeyuka ikawa kama asali, tepu ikateleza, ncha zikakutana. Chaneli mbili za IC zilikuwa zimeshakufa. RCA ilikuwa bado nzima, kwa hiyo mwenyewe hakujua kuna kitu kimekufa. Alichokuwa anakiona ni redio inayojifunga kila inapohisi shoti.

Kwa hiyo nyaya zako nane utazitunza hivi. Rangi zake kwenye redio nyingi za kununua madukani zinafanana: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila rangi ina mwenzake wenye mstari mweusi. Kata kila waya urefu wake, mmoja mfupi, unaofuata umzidi kwa sentimita moja, na kuendelea, ili hata tepu ikitoka ncha zisikutane. Kila ncha ipate kijimrija chake kinachosinyaa kwa moto, kizidi mwisho wa waya kwa sentimita nzima, ukibane kwa koleo kikiwa bado moto. Mirija ya rangi na ukubwa mbalimbali inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo. Tepu iwe ya kukusanya nyaya zilizokwisha kufungwa mmoja mmoja, isiwe ndiyo kinga yenyewe.

Kama soketi ya redio yako ni ya mtindo wa ISO, yenye plagi mbili, kazi ni rahisi zaidi. Plagi nyeusi ni ya umeme, ya kahawia ni ya spika. Usichomeke ya kahawia. Umemaliza.

Nakuja sasa kwenye lile linalonisumbua hasa, na ni kwa sababu umesema ni Toyota na spika za milangoni umeshazitoa. Ukinunua waya wa kuunganisha redio mpya na plagi za Toyota, utakuta kuna plagi ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Ile ya 6 ni ya spika za nyuma, hiyo unaweza kuiacha. Lakini ile ya 10 inabeba umeme na spika za mbele pamoja. Ukiichomeka upate umeme, umeunganisha pia waya wa redio na nyaya zinazokwenda mlangoni. Na kule mlangoni, ulikotoa spika, kuna plagi inaning'inia ndani ya mlango wa chuma.

Nyaya za redio unaweza ukawa umezifunga kwa ustadi wote duniani pale nyuma ya dashibodi, na shoti ikatokea mita moja na nusu mbali, mahali usipopaona. Nimeshughulika na gari lililoletwa wakati wa masika, redio inazima sauti kila mlango wa dereva ukibamizwa. Tulibadilisha fyuzi, tukaangalia swichi, tukazunguka nusu siku. Tulipofungua kava la mlango, plagi ya spika ilikuwa imelala juu ya chuma cha chini, palipobaki maji ya mvua kidogo, pini zake zimeota ukungu wa kijani. Mlango ukibamizwa plagi inaruka, pini moja inagusa chuma, IC inajifunga. Kama tusingeifungua, siku moja ingejifunga isifunguke.

Kwa hiyo usichomeke nyaya za spika za redio kwenye zile za gari kabisa. Kwenye plagi ya pini 10 zikate nne za spika za mbele upande wa waya wa kuunganishia, zifunge mmoja mmoja kama nilivyoeleza, ubakize umeme tu. Hapo zile nyaya za mlangoni zinabaki huru, na unaweza hata kuzitumia kupeleka sauti ya amplifaya kwenye spika mpya, ukipenda, ingawa kwa amplifaya yenye nguvu ningekushauri upitishe waya mnene zaidi.

Majaribio ya mezani sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana redio ya mtumba inafaa kupimwa siku unayoinunua, na unaweza kuipima vizuri sana bila spika.

Umeme kwanza. Adapta ya ruta ya ampea 1 haitoshi. Redio inawaka, inaonyesha jina lake, inazima, inawaka tena, na wewe unadhani ni mbovu. Tumia betri ya pikipiki au ya gari, au pawa saplai ya kompyuta ya mezani: waya wake wa kijani ukigusishwa na mweusi inawaka, wa njano unatoa volti 12, mweusi ni negativu. Boksi lake usilifungue, ndani mna umeme wa ukuta. Kama nyumbani mna sola, chukua umeme kwenye betri, kamwe usichukue moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa haina mzigo juani inatoa volti 21 hivi, na IC niliyoitaja hapo juu mwisho wake wa kufanyia kazi ni volti 18. Redio nyingi za magari nimezikuta vijijini zimeuawa hivyo, na inaniuma, kwa sababu kidhibiti cha chaji na betri ndogo vingeziokoa zote.

Waya wa njano wa redio ni wa kumbukumbu, mwekundu ni wa swichi. Mezani viunganishe pamoja kwenye positivu. Garini usiviunganishe pamoja, redio haitazimika ukitoa ufunguo na utaamka betri imelala. Mweusi wa redio uende kwenye negativu.

Kisha chukua balbu ya breki ya wati 21, uipitishe katikati ya positivu ya betri na zile nyaya mbili za redio, ili umeme wote wa redio upitie kwenye balbu. Kama redio ina shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu zote na hakuna kitakachoungua zaidi, maana balbu ya aina hiyo haipitishi zaidi ya ampea 2. Kama redio ni nzima, balbu itaonyesha wekundu kidogo tu au isionekane kabisa, na redio itawaka. Redio zenye skrini kubwa za Android zinaweza kugoma kuwaka kupitia balbu kwa sababu zinavuta umeme mwingi mwanzoni. Ukiona balbu haikuwaka kwa nguvu na redio inahangaika tu, toa balbu, weka fyuzi ya ampea 10 mahali pake.

Kabla ya kuwasha, chukua kipande cha kadibodi, zitandaze nyaya nane juu yake kama vidole vilivyopanuliwa, zibandike kwa tepu, ncha zisikaribiane. Washa redio, sauti iwe sifuri. Mita yako ya kupimia volti iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi ya mita ikae kwenye waya mweusi wa redio, nyekundu uigusishe kwenye waya mmoja mmoja wa spika. Taratibu, ncha isiteleze ikagusa nyaya mbili. Utasoma kati ya volti 5 na 7, na zote nane zitakaribiana. Kisha pima kati ya wenza, nyeupe na nyeupe yenye mstari, kijivu na mwenzake: hapo upate karibu na sifuri, milivolti kidogo tu. Ukipata waya mmoja unasoma 0 au 12 wakati wengine wako kwenye 6, chaneli hiyo imekufa. Usiifungie spika hata siku moja, maana itaisukumia umeme wa moja kwa moja na kuunguza koili yake. Zote nane zikisoma 0, angalia kwanza kama redio imewekwa kimya, kwa sababu zingine zikiwa kimya zinazima IC nzima.

Kusikiliza nako hakuhitaji spika za gari. Zile pini za RCA za nyuma, nyekundu na nyeupe, ni kama zile za deki na king'amuzi. Sauti yake inachukuliwa kabla haijafika kwenye IC kubwa, ndiyo maana redio iliyokufa IC inaweza bado kuimba vizuri kwa RCA. Zichomeke kwenye sabufa ya nyumbani utasikia kila kitu, mbele na nyuma. Lakini nakusihi, usichukue nyaya za spika za redio ukaziingiza kwenye tundu la AUX la sabufa, wala usizifungie hedfoni. Negativu ya tundu hilo imeungana na ya sabufa nzima, na hedfoni ina negativu moja ya masikio yote mawili. Utakuwa umeunganisha nyaya ambazo kila mmoja una volti 6 na msukumo wake. Ni shoti ile ile, imevaa nguo nyingine.

Siku ya kufunga kwenye Noah, waya mweusi wa redio uwe wa kwanza kufungwa na uwe wa mwisho kutolewa, upigwe skrubu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. RCA zichomeke redio ikiwa imezimwa. Ukichomeka RCA wakati redio haina negativu yake, umeme wote wa redio utatafuta njia ya kurudi kupitia ganda la RCA, na kwenye baadhi ya redio ganda hilo limeunganishwa na negativu kwa fyuzi nyembamba kama unywele iliyo kwenye ubao wenyewe. Ikikatika, redio itacheza, lakini utasikia mlio wa alternata unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, na hutauondoa kwa kubadilisha nyaya. Waya wa bluu wenye mstari mweupe ndio wa kuiamsha amplifaya. Ni ishara tu, kwenye redio nyingi haubebi zaidi ya miliampea 300, kwa hiyo usiufungie feni wala taa.

Angalia pia kwenye mipangilio ya redio kama kuna sehemu ya kuzima IC ya ndani. Alpine wanaiandika POWER IC. Kenwood nao redio zao kadhaa zina mpangilio wa namna hiyo. Ukiizima, redio inapoa na RCA inatoa sauti safi kidogo zaidi. Hata hivyo nyaya bado uzifunge, kwa sababu betri ikitolewa mpangilio unaweza kurudi ulivyokuwa na IC ikawaka tena bila wewe kujua.

Yako kwa maelezo uliyonipa inaonekana ni ya kawaida, lakini zipo redio ndogo za kisasa ambazo IC yake ni ya daraja D, yaani inawasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuusukuma mfululizo. Hizo mbele ya kila waya wa spika zina koili na kapasita za kuchuja, zilizopigiwa hesabu kwa spika ya omu 4. Bila spika, kichujio hicho kinaweza kupandisha volti kwenye sauti nyembamba sana, juu ya zile tunazozisikia. Sijaona ikiua redio, lakini kwa aina hiyo sipandishi sauti mpaka mwisho bila spika, nawe usipandishe. Na kwenye magari mengi ya Ulaya redio ya kiwandani inazikagua spika kila inapowaka. Ukiitoa moja inaandika hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na kwa baadhi chaneli hiyo inafungwa. Hiyo ni taarifa tu, haina maana kwamba kitu kimeungua.

Anza na ile meza na kadibodi. Andika zile namba nane kwenye karatasi kwa rangi ya kila waya kabla ya kufunga chochote, uniletee. Kama kuna moja isiyofanana na wenzake, tutaijua mapema ukiwa bado unaweza kuirudisha redio kwa aliyekuuzia.